TANGAZO LA WASOMI WA KILIMO LIMFIKIE MKULIMA WA MATAMBA

Katika nchi yetu ziko mbao mbili za matangazo ambazo hazijapata kusomana. Ubao wa kwanza uko Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Hapo, na siku hizi hata katika simu na kompyuta za wahusika, hutolewa matangazo ya utawala yanayowahusu walimu wa Ndaki ya Kilimo: nani anaruhusiwa kuomba kupandishwa cheo na mwisho wa maombi ni lini, ruzuku gani ya utafiti imefunguliwa na masharti yake ni yapi, nani aende masomoni, nani abaki kufundisha, mkutano upi wa kitaalamu unangojewa na makala ziandikwe namna gani. Ubao wa pili uko kwenye ofisi ya kata huko Matamba, wilayani Makete, mkoani Njombe. Huo ni kama mbao za kata nyingine zote: mkutano wa kijiji, mchango wa shule, chanjo ya watoto, habari ya mbolea.

Leo tunapenda kuuliza swali moja tu. Katika yale yote yanayotangazwa kwenye ubao wa kwanza, ni mangapi ambayo siku moja yatasomwa kwenye ubao wa pili?

Huenda ndugu msomaji akashangaa. Atasema: hayo ni mambo ya maprofesa na ofisi zao, mwanachama wa tawi, mfanyakazi wa kiwanda na mkulima wa viazi wanahusikaje na tangazo la kupandishwa vyeo vya wahadhiri? Wanahusika, tena sana. Kwanza, mshahara wa mhadhiri wa chuo cha umma, nyumba anayofundishia na shamba la majaribio analolilimia, vyote hutoka katika jasho la umma. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, tangazo la utawala si karatasi tu. Tangazo ni sauti ya mwajiri inayomwambia mfanyakazi wake ni jambo gani litahesabiwa na ni jambo gani halitahesabiwa. Binadamu, awe msomi au asiwe msomi, huenda kule kunakohesabiwa. Ikiwa tangazo linasema makala itampandisha cheo na kijiji hakitampandisha, tusimlaumu mtu huyo akiandika makala na kukisahau kijiji. Tulilaumu tangazo, kisha tulirekebishe.

Yafaa tukumbuke chuo hicho kilitoka wapi. Mwaka 1965 kilifunguliwa chuo cha kilimo pale Morogoro. Kisha kikafanywa Kitivo cha Kilimo cha chuo kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye yakaongezwa mafunzo ya misitu na ya utabibu wa mifugo. Mwaka 1984 ikatungwa sheria ya kukifanya chuo kikuu kinachojitegemea, nacho kikapewa jina la Hayati Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari katika mkoa huo huo wa Morogoro, tarehe 12 Aprili mwaka huo. Jina hilo halikuwekwa kwa ajili ya kupamba lango. Lilikuwa jina la kiongozi aliyejulikana kwa kuchukia uzembe na kwa kudai kwamba kazi ya umma ionekane kwa umma.

Tena chuo hicho kilikua katika miaka ambayo taifa lilikuwa likisema waziwazi linataka elimu ya namna gani. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maelezo yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Mei 1972 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Iringa, na kutoka huko likatoka Azimio la Siasa ni Kilimo. Watu wa Matamba wana haki ya pekee ya kulikumbuka azimio hilo, kwa sababu wakati ule nchi yao ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa. Njombe haikuwa mkoa hadi mwaka 2012. Azimio lilitamkiwa mkoani kwao. Ni halali yao kuuliza limezaa nini shambani kwao.

Hatupendi kuwa watu wa kulaumu bila kupima. Wasomi wa Morogoro wamefanya kazi ambazo taifa linajivunia. Mbegu za maharage zinazoitwa SUA 90, Rojo, Mshindi na Pesa zilitoka mikononi mwao, na jina moja katika hayo limebeba jina la chuo chenyewe mpaka kwenye chungu cha mama wa nyumbani. Tangu mwaka 2000, panya wakubwa wa kwetu wamekuwa wakifunzwa katika chuo hicho kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na baadaye vijidudu vya kifua kikuu, hata dunia nzima ikashangaa. Kwa hiyo hapana mtu awezaye kusema kwamba akili haipo. Akili ipo, na uwezo upo. Tunachouliza ni njia: ujuzi ukisha kupatikana, upitie wapi hata umfikie mwenye jembe?

Sasa tupande kwenda Matamba. Msafiri akitoka Morogoro hupita Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Iringa, Mafinga na Makambako. Akifika Chimala huiacha barabara kuu na kuanza kupanda ukuta wa mlima kwa njia yenye kona 57. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 500. Akifika juu hukuta nchi nyingine kabisa: baridi, ukungu wa asubuhi, na udongo ambao Mungu aliumba kwa ajili ya viazi mviringo, ngano na pareto. Karibu yake uko uwanda wa Kitulo, ambao mwaka 2005 ulifanywa Hifadhi ya Taifa kwa ajili ya maua yake. Wageni huja kutoka mbali kutazama maua hayo. Maua ya viazi, yanayowalisha watu, hayana mtazamaji.

Mfanyakazi wa Dar es Salaam asidhani kwamba habari hii ni ya watu wa milimani peke yao. Sahani ya chipsi anayoila jioni akitoka zamu imetoka katika nyanda za juu kusini, na Mkoa wa Njombe ni mmoja wa mikoa inayoongoza kwa zao hilo. Kiazi kikiugua Matamba, bei hupanda Manzese na Buguruni. Mkulima hupungukiwa na fedha, mfanyakazi hupungukiwa na chakula, na katikati yao mchuuzi hufanya hesabu zake.

Nacho kiazi huugua. Uko ugonjwa wa ukungu, ambao wataalamu huuita bakajani chelewa, unaounguza majani katika siku chache za baridi na mvua mpaka shamba zima likawa kama limechomwa moto. Ugonjwa huu si wa kuchezea. Ndio ulioingia Ireland mwaka 1845, na kabla njaa ile haijakwisha watu wapatao milioni 1 walikuwa wamekufa, na wengine kama hao wameihama nchi yao. Uko na ugonjwa wa mnyauko, ambao mche hunyauka ungali kijani, na vijidudu vyake hujificha katika udongo na katika mbegu yenyewe. Mkulima akinunua au akiazima mbegu yenye mnyauko, huwa amelipeleka janga shambani mwake kwa mikono yake mwenyewe, bila kujua.

Je, elimu ya kupambana na maradhi hayo haipo? Ipo, tena nyingine ni rahisi mno. Mkulima anaweza kukata kipande cha shina la mche ulionyauka, akakisimamisha katika bilauri ya maji safi. Ikiwa ni mnyauko wa bakteria, baada ya muda mfupi ataona uzi mweupe kama wa maziwa ukishuka kutoka kwenye kipande hicho. Bilauri moja na maji vinatosha. Anaweza kubadilisha mazao, akaotesha mahindi au ngano misimu kadhaa mahali palipougua, na asipande hapo nyanya wala bilinganya, kwa kuwa hizo ni ndugu wa kiazi nazo hulea ugonjwa ule ule. Lazima pia ayang'oe maotea, yaani viazi vinavyojiotea vyenyewe kutokana na mavuno yaliyopita.

Iko na njia ya kuchagua mbegu. Wakati shamba linapotoa maua, mkulima hupita na vijiti akachomeka kijiti pembeni ya kila mche wenye afya na nguvu. Hupita tena baadaye, akaondoa vijiti penye miche iliyougua. Wakati wa kuvuna huanza na ile yenye vijiti, akaiweka mbali kuwa mbegu ya msimu ujao. Watafiti waliojaribu njia hii na wakulima wa Kenya waliona mavuno yakiongezeka kwa karibu theluthi moja, bila shilingi ya ziada kwa dawa wala mbolea. Theluthi moja, ndugu zangu! Mahali palipovunwa magunia 30 pavunwe 40, kwa ajili ya vijiti vya msituni na macho ya kuangalia.

Sasa tuulize: ujuzi huo umeandikwa wapi? Umeandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ya kitaalamu, mengi yakichapwa ng'ambo. Mtu wa Matamba hana jarida hilo, na angelipewa asingelielewa, si kwa sababu hana akili, bali kwa sababu halikuandikwa kwa ajili yake. Hiyo ndiyo ajabu yetu. Tunamchunguza mkulima, tunapima shamba lake, tunachukua udongo wake katika mifuko, tunaandika jina la kata yake katika jedwali, halafu majibu tunayapeleka kwa watu ambao hawajui Makete iko upande gani wa dunia. Mwenye shamba amekuwa kama shahidi anayeitwa mahakamani kutoa ushahidi, kisha hukumu ikasomwa katika mji mwingine.

Wala tusimdhanie vibaya mhadhiri. Tusome tangazo. Kwa desturi ya vyuo vikuu vya umma, mwalimu hupimwa kwa mambo matatu: kufundisha, kuandika maandishi ya kitaalamu, na kuitumikia jamii. Mambo matatu, lakini uzito si mmoja. Atokaye kuwa Mhadhiri Msaidizi hadi Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki na hatimaye Profesa hupanda ngazi ambayo vidato vyake vingi ni makala. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilitangaza kwamba imetenga shilingi bilioni 1 za kuwatuza watafiti wetu ambao makala zao zingechapishwa katika majarida yenye hadhi kubwa duniani, na kiasi kilichotajwa kwa mtafiti kilikuwa shilingi milioni 50.

Sisi hatuipingi tuzo hiyo. Taifa lisiloheshimu sayansi yake litaazima sayansi ya wengine kwa riba. Kijana wa Makete anayesoma Morogoro anastahili kuona kwamba jina la Mtanzania laweza kusimama katika jarida la dunia pamoja na majina ya London na Chicago. Tunachosema ni kwamba mizani ina sahani mbili. Upande mmoja umewekewa milioni 50. Upande wa pili, upande wa mtafiti ambaye mbegu yake imekubaliwa na vijiji vitano, ambaye ameketi misimu mitatu na wakulima hata mnyauko ukapungua mashambani mwao, umewekewa nini? Mizani isiyo na kitu upande mmoja haipimi, inaelemea tu.

Tena tukumbuke kwamba mwalimu wa chuo kikuu naye ni mfanyakazi. Anafundisha madarasa yaliyofurika, anasahihisha mitihani ya mamia ya vijana, anasimamia tasnifu, anakaa katika kamati. Fedha za kwenda vijijini hupatikana kwa shida, na mara nyingi hutoka kwa wafadhili wa ng'ambo. Mwenye kulipa mpiga zumari ndiye achaguaye wimbo: mfadhili akitaka utafiti wa jambo fulani, jambo hilo huchunguzwa, hata kama Matamba wanalia na jambo jingine. Mwaka 2006, huko Khartoum, viongozi wa Afrika walikubaliana kwamba kila nchi ijitahidi kutumia asilimia 1 ya pato lake katika utafiti na maendeleo. Miaka imepita, na nchi nyingi za bara letu, pamoja na yetu, bado zinaitazama asilimia hiyo kwa mbali. Mfanyakazi asiyepewa chombo hawezi kulaumiwa peke yake kwa kazi isiyofanyika.

Wako watakaotujibu kwamba kumfikia mkulima ni kazi ya bwana shamba na bibi shamba, si kazi ya profesa. Ni kweli kwamba maofisa ugani ndio askari wa mstari wa mbele, na Serikali imeanza kuwakumbuka. Mwaka 2022 waligawiwa maelfu ya pikipiki, na bajeti ya Wizara ya Kilimo ikapandishwa kutoka shilingi bilioni 294 za mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 za mwaka 2022/23. Hizo ni hatua za kusifiwa. Lakini pikipiki hubeba mtu. Haibebi elimu ambayo mtu huyo hakupewa. Ikiwa majibu ya utafiti yamefungwa katika lugha na karatasi ambazo bwana shamba wa kata hazioni, atapanda kona zote 57 kwa kasi kubwa zaidi, lakini atafika na maarifa yale yale aliyoyapata alipokuwa chuoni miaka 15 iliyopita. Chemchemi ikikauka, usimlaumu mchota maji.

Wengine watasema: siku za Nanenane wasomi huja, huweka mabanda, huonyesha mbegu na mashine. Naam, na maonyesho hayo katika viwanja vya John Mwakangale kule Mbeya yana faida yake. Lakini kiazi hakiugui wakati wa Nanenane tu. Kinaugua katika mvua, wakati njia ina utelezi na mabanda yamefungwa. Elimu ya siku nane katika mwaka wa siku 365 ni sawa na dawa ya kunusa.

Watakuwapo pia watakaosema kwamba msomi akishughulika na vijiji atabaki nyuma, na chuo chetu kitashuka katika hesabu za vyuo vya dunia. Tuwaombe watazame historia ya hao wanaowaogopa. Marekani ilitunga sheria mwaka 1862 ya kutoa ardhi ili majimbo yajenge vyuo vya kilimo na ufundi. Mwaka 1914 ikatunga sheria nyingine iliyovifungamanisha vyuo hivyo na huduma ya ugani, ili maarifa ya chuo yatembee mpaka wilayani kwa mkulima. Vyuo hivyo havikushuka kwa sababu hiyo. Vingi vyao leo ni miongoni mwa vyuo ambavyo vijana wetu huomba kwenda kusoma. Heshima yao ilianzia shambani, na shamba halikuwashushia elimu yao. Sisi tukiiga kilele cha mti na kuacha mizizi, tutapata kivuli cha siku moja.

Jambo la lugha nalo hatuwezi kulipita kimya. Mwaka 1967 Serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika kazi zake, na mwaka huo huo likaanzishwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka 2021 ilitungwa sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi na ya mahakama, na Novemba mwaka huo UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Lugha iliyoweza kubeba hukumu ya Jaji haiwezi kushindwa kubeba habari ya kiazi. Makala iandikwe kwa Kiingereza kwa ajili ya wanasayansi wa dunia, hatukatai. Lakini mwenye kuandika kurasa 15 kwa ajili ya dunia ashindwe vipi kuandika kurasa 2 kwa ajili ya mwenye shamba? Tena hizo 2 ni ngumu kuliko zile 15. Anayemweleza profesa mwenzake anaweza kujificha nyuma ya maneno makubwa. Anayemweleza mkulima hana pa kujificha. Ama anajua analolisema, ama hajui.

Kwa hiyo, hatutaki kuishia katika kulalamika. Tunapendekeza mambo manne, na yote manne yanaweza kuandikwa katika tangazo moja la utawala.

La kwanza: kila tangazo la ruzuku ya utafiti wa kilimo inayotolewa kwa fedha za umma liwe na sharti kwamba mwombaji ataje kijiji au vijiji ambavyo utafiti wake unavihusu, na kwamba kazi haitahesabiwa kuwa imekwisha mpaka maelezo mafupi ya Kiswahili yamepelekwa huko, yakasomwa katika mkutano wa kijiji na kubandikwa kwenye ubao wa kata. Mlango uliotoa takwimu ndio uingize majibu.

La pili: katika kupima wanaostahili kupandishwa vyeo, huduma kwa mkulima ipewe uzito wa kweli, wala isiwe sadaka ya alama mbili tatu zinazowekwa mwishoni. Na ushahidi wake usiwe barua ambayo mwombaji amejiandikia. Mkutano mkuu wa kijiji una uwezo wa kusema: huyu tulimwona, alikuja msimu wa mvua, tulijaribu pamoja, jambo hili lilifaa na lile halikufaa. Kama kijiji kinaaminiwa kugawa ardhi, kwa nini kisiaminiwe kusema ukweli juu ya mgeni aliyekitembelea?

La tatu: mwalimu anayepata likizo ya utafiti awe na hiari, iliyotangazwa na kugharimiwa, ya kuitumia kwa msimu mzima katika kata moja ya wakulima, na hiari hiyo iwe na heshima sawa na ya kwenda ng'ambo. Matamba wana viazi, ngano na pareto mahali pamoja, katika mwinuko na baridi ambayo Morogoro haina. Kituo cha utafiti cha Uyole, chenye ujuzi wa siku nyingi katika mazao ya nyanda za juu, hakiko mbali. Mwalimu wa Morogoro, mtafiti wa Uyole, bwana shamba wa kata na mkulima wakiketi meza moja kwa msimu mmoja, watajifunza mengi kuliko yanayopatikana katika semina kumi za hotelini.

La nne: elimu hiyo isiwe ya maradhi ya mimea peke yake. Chuo kina wataalamu wa uchumi wa kilimo. Sheria ya vipimo inakataza gunia la lumbesa, na imeweka kilo 100 kuwa kikomo cha gunia. Hata hivyo mkulima wa viazi amezoea kuona gunia lake likivishwa kofia juu ya kofia mpaka likawa gunia na nusu, naye akalipwa la moja. Mtu aliyeongeza mavuno yake kwa theluthi, kisha theluthi hiyo ikachukuliwa na lumbesa, amefanya kazi ya bure. Msomi atakayemfundisha mkulima hesabu ya gunia, gharama ya mbegu, kazi ya mizani na nguvu ya kuuza kwa ushirika, atakuwa amemtumikia sawa na yule aliyemfundisha kuponya mnyauko.

Mambo haya hayatatendeka kwa wino wa ofisi ya utawala peke yake. Wanachama wa matawi na wafanyakazi tuna wajibu wetu. Vyama vya wafanyakazi wa elimu ya juu, ambavyo hutetea mishahara na vyeo vya wanachama wao, na vifanye hivyo kwa haki, vingeongeza nguvu ya hoja zao kama vingekuwa vya kwanza kudai kwamba kazi ya kijijini ihesabiwe. Mfanyakazi anayedai apimwe kwa faida aliyowaletea watu huungwa mkono na watu. Wabunge na madiwani wa mikoa ya nyanda za juu waulize, bajeti inapojadiliwa, ni tafiti ngapi zimefanyika katika maeneo yao na majibu yake yako wapi. Na wakulima wa Matamba wenyewe wasikae kungoja. Akija mtafiti na dodoso lake, apokewe kwa ukarimu, maana mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini kabla hajaondoka aulizwe kwa adabu: ndugu, majibu utayaleta lini, na kwa lugha gani? Swali hilo si ufidhuli. Ni haki ya mtu aliyetoa muda wake, udongo wake na siri za shamba lake.

Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nta yetu ni nzuri, imepangwa vizuri katika makabati, ina mihuri na vyeti. Asali ndiyo tunayoitafuta. Kila mwaka chuo hufanya kumbukizi ya Hayati Sokoine, na hotuba nzuri hutolewa. Sisi tunaona kwamba kumbukizi iliyo kubwa kuliko hotuba zote itakuwa karatasi moja ndogo, iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka, ikiwa na jina la mwalimu wa Morogoro chini yake, iliyobandikwa kwenye ofisi ya kata ya Matamba kabla ya mvua za kwanza, inayosema: chomekeni vijiti penye miche yenye afya; ng'oeni maotea; msikubali lumbesa; nami nitarudi wakati wa maua tuone pamoja.

Siku karatasi hiyo itakapobandikwa, zile mbao mbili zitakuwa zimesomana. Na tangazo la kupandishwa cheo litakapomtaja aliyeiandika, kila mlipa kodi, wa Njombe na wa Dar es Salaam, atasema kwa moyo mweupe: huyu amestahili.